Gramu 700 zilitoka wapi?

Nina kadi mbili za kliniki mezani, zote za mama mmoja. Ni mtoto wa kaka yangu, anakaa Makorora hapa hapa Tanga, na amenikopesha kwa sharti la kuzirudisha kabla ya Ijumaa. Huwa anazitunza kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha ndoa na risiti ya friji. Ya kwanza, ya mwaka 2019, ina doa la chai na pembe zake zimeliwa. Ya pili, ya 2023, bado ngumu. Mahali pa uzito wa mtoto, kadi ya kwanza imeandikwa 2.3. Ya pili, 3.0.

Tofauti ni gramu 700. Nenda dukani uombe robo tatu ya sukari, muuzaji akupunje kidogo: ndiyo hiyo.

Ukoo mzima unajua zilikotoka. Mimba ya kwanza alianza kliniki wiki ya 28, ya pili alianza wiki ya 11, na hadithi ikaishia hapo. Mavyaa wake humsimulia kila anayepita barazani: "Wa kwanza alichelewa kliniki, akapata kitoto cha kiganjani. Huyu kawahi, mtazameni." Na mtoto huletwa, na hutazamwa.

Nami nimezitazama kadi hizi wiki nzima, na kadiri ninavyozitazama ndivyo maelezo ya mavyaa yanavyozidi kunipwaya. Hasemi uongo. Ila anaipa kliniki gramu zote 700, na kliniki haikuzizaa zote. Tukijua zipi ni zake na zipi si zake, tutajua pia cha kuidai.

Kwanza, 2.3 ni mdogo kiasi gani? Mstari wa Shirika la Afya Duniani ni gramu 2,500; aliye chini ya hapo amezaliwa na uzito pungufu. Mstari wenyewe ni wa zamani, ulianza na daktari wa watoto wa Ufini, Arvo Ylppö, mwaka 1919, na dunia ikauchukua. Mwaka 2020 watoto wapatao milioni 19.8 walizaliwa chini yake, karibu 15 katika kila 100. Mtoto wa namna hiyo hupoteza joto upesi, huchoka kunyonya kabla hajashiba, na maradhi humkuta hana akiba. Wala habari haziishii utotoni. Katika miaka ya 1980 daktari Mwingereza, David Barker, alifukua madaftari ya uzazi ya Hertfordshire yaliyoanza kuandikwa mwaka 1911, akakuta kwamba wanaume waliozaliwa wadogo ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo ukubwani.

Ukisikia hivyo utadhani namba hiyo huandikwa kwa uangalifu. Wapi! Katika nchi nyingi, rejista za uzazi zimejaa 2.5, 3.0 na 3.5 kupita inavyowezekana kwa maumbile. Mizani ya kuning'iniza inayumba, mtoto anapiga mateke, mkunga ana mwingine anayesukuma kitanda cha pili, na 2.45 inageuka 2.5. Ni gramu 50 za karatasi tu, lakini aliye chini ya mstari huwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa mtindo wa kangaroo, na aliye juu ya mstari huvalishwa soksi akarudishwa nyumbani. Kwa hiyo hata 700 zangu hizi nazisoma nikijua huenda zilikuwa 650, au 750.

Sasa kliniki. Chukua rejista ya wazazi mahali popote, hapa au ng'ambo, utakuta waliohudhuria mara nyingi wana watoto wazito kuliko waliohudhuria mara chache. Chati ya namna hiyo hupendwa sana kwenye semina. Lakini ina mtego. Aliyejifungua wiki ya 32 hakupata nafasi ya kuhudhuria wiki ya 34, wala ya 36, wala ya 38. Mahudhurio yake ni machache kwa sababu mtoto aliwahi, na sisi tunasoma kwamba mtoto aliwahi kwa sababu ya mahudhurio machache. Kisha anayeanza mapema aghalabu ndiye mwenye nauli, mwenye mume anayeuliza hali, aliyekaa darasani miaka kadhaa, ambaye pengine angezaa mtoto wa kilo tatu hata kliniki ikifungwa. Na yuko wa kinyume chake, mwenye presha, anayeitwa kila wiki kwa kuwa mimba yake ina shida. Huyu mahudhurio ni tele na mtoto ni mdogo. Marekani walilihangaikia jambo hili mpaka wakatengeneza vipimo maalumu, cha Kessner mwaka 1973 na cha Kotelchuck mwaka 1994, ili mahudhurio yapimwe kwa kuzingatia wiki ambayo mimba ilifikia.

Na ni Marekani hiyo hiyo iliyokula hasara ya matumaini. Kuanzia miaka ya 1980 walipanua bima ya serikali kwa wajawazito maskini, wakitarajia watoto wenye uzito pungufu watapungua. Mwaka 1984 walikuwa asilimia 6.7. Mwaka 2006 walikuwa asilimia 8.3. Sehemu ya ongezeko ni mapacha waliotokana na matibabu ya ugumba, sehemu ni uchungu ulioanzishwa mapema na madaktari, lakini kuufungua mlango wa kliniki peke yake hakukuwapunguza.

Jaribio lililonyoosha mambo zaidi lilifanyika Argentina, Cuba, Saudi Arabia na Thailand, matokeo yakatoka mwaka 2001. Wajawazito zaidi ya 24,000 waliingizwa. Vituo vingine vikaendelea na utaratibu wa zamani wa mahudhurio mengi, vingine vikapewa manne tu yenye kazi maalumu kila moja. Uzito pungufu ukawa karibu sawa pande zote mbili. Ndipo nchi nyingi, nasi tukiwamo, zikachukua manne. Miaka ikapita, takwimu zile zile zikachambuliwa upya, ikaonekana upande wa manne watoto waliofia tumboni walikuwa wengi zaidi, hasa kati ya wiki ya 32 na ya 36, kipindi ambacho mama alikuwa haonwi na mtu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likapandisha idadi hadi nane, na la kwanza lisivuke wiki ya 12. Idadi ilipandishwa ili kuokoa roho. Gramu hazikuwa hoja. Mabango yetu huyachanganya mambo haya mawili, na mavyaa amejifunza kwenye mabango.

Kukaa kwenye benchi la kliniki, basi, hakumnenepeshi mtoto. Kinachomfikia ni kile ambacho mama anatoka nacho: kidonge, sindano, jibu la kipimo. Narudi kwenye kadi.

Gramu za kwanza za kuondoa kwenye hesabu ya mavyaa ni za kuzaliwa mwanzo. Kifungua mimba kwa kawaida huwa mwepesi kuliko wadogo zake, yapata gramu 100 hadi 200, hata mama awe amekula vizuri na hajaugua siku moja, awe London au Lushoto. Hapo kliniki haikufanya kitu. Mwili ulikuwa unajifunza.

Na pwani kuna kingine ambacho mwili unajifunza. Mtu aliyekulia Tanga ameumwa malaria tangu anatambaa, akifika miaka 20 ana kinga ya kutosha asilazwe kila msimu wa mvua. Mimba inaleta kiungo kipya, kondo la nyuma, na wako vimelea vya malaria wenye uwezo wa kunata humo hasa. Kinga ya zamani haiwajui. Wanajaa kwenye kondo, wanabana njia ya chakula cha mtoto, na mama anaweza asisikie homa. Hata damu ya kidole inaweza isionyeshe kitu. Mimba ya pili mwili unakuwa umeshawatambua. Ndiyo maana malaria ya ujauzito humuumiza zaidi mwenye mimba ya kwanza, na ndiyo maana watafiti walipiga kambi Muheza, wilaya ya mkoa wetu huu wa Tanga, miaka mingi wakiomba kondo za wazazi ambazo wengine tungezizika.

Dawa ya kujikinga ni SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, na hapa mkoa wetu una kisa chake. SP ilikuwa dawa ya malaria ya kila mtu kuanzia mwaka 2001 ilipoichukua nafasi ya klorokwini, mpaka mwishoni mwa 2006 ilipotolewa kuipisha dawa mseto, yaani dawa za malaria zilizounganishwa, kwa sababu vimelea walikuwa wameizoea. Kwa wajawazito ikabaki kama kinga. Basi utafiti wa Muheza uliochapishwa mwaka 2009, na mwingine mwaka 2011, ukaja na habari ya kutisha: katika eneo lile lenye usugu mkubwa, waliomeza SP hawakuonekana kupata nafuu, na vimelea sugu ndio waliostawi. Nakumbuka watu walivyonong'ona kwamba tunamezeshwa chokaa.

Lakini SP ni kiumbe wa ajabu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Kenya, Malawi na Tanzania, wajawazito zaidi ya 4,600, lililoipambanisha SP na dawa mpya ya kundi la mseto. Dawa mpya ilizuia malaria vizuri kuliko SP, bila ubishi. Walipofika kuhesabu mimba zilizoishia vibaya, pamoja na watoto waliozaliwa wadogo au kabla ya wakati, upande wa dawa mpya zilikuwa karibu 28 katika 100 na upande wa SP 23. Mama waliomeza SP waliongezeka uzito zaidi, na watoto wao pia. Yaani dawa iliyoshindwa na malaria ilishinda kwenye mizani. Wanaoshughulika na jambo hili wanashuku kwamba SP, ambayo pia ni dawa ya bakteria, inasafisha maambukizi mengine au inasaidia tumbo la mama kunyonya chakula. Muuguzi anayesimama mbele yako mpaka umeze vile vidonge vitatu hakupi zawadi ya malaria peke yake.

Kwa kiasi gani? Uchambuzi wa mwaka 2013 uliojumlisha majaribio saba ya Afrika ulilinganisha waliopata dozi tatu au zaidi na waliopata mbili. Dozi za ziada ziliongeza wastani wa gramu 56, na watoto wenye uzito pungufu walipungua kwa sehemu moja kati ya tano. Gramu 56 ni yai moja la kuku wa kisasa. Mtu anaweza kucheka: tunapanda bodaboda kila mwezi kwa ajili ya yai moja? Ila wastani hugawa ubwabwa sawa kwa wote, hata kwa aliyekuja ameshiba. Wengi kati ya wale wajawazito wasingepata malaria ya kondo hata wasingemeza kitu. Mtoto wao hakuongezewa chochote. Wachache walioponea chupuchupu ndio waliobeba mayai ya wenzao wote, sita au saba kwa mpigo. Kadi ya 2019 ina dozi mbili za SP. Ya 2023 ina tano. Dozi huanza wiki ya 13 na hutakiwa mwezi upite kati ya moja na nyingine, kwa hiyo aliyeanza wiki ya 28 hata akitaka tano hazipati. Kalenda imeshakula.

Nimetaja yai, basi niliseme. Nilipokuwa na mimba yangu mimi, shangazi zangu wawili walinikataza mayai: mtoto atatoka kipara. Na nisile sana, mtoto akiwa mkubwa nitapasuliwa. Hili la pili halina mzaha, kwa sababu linasemwa na wanawake waliowahi kuona mtu akifa kwa uchungu ulioshindikana, zamani ambapo kupasuliwa kulikuwa ni safari ya siku nzima. Lakini tumbo lina hesabu zake. Uholanzi, baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula kisiingie miji ya magharibi. Wanawake waliokuwa kwenye miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito walizaa watoto wepesi kwa gramu 300 hivi. Njaa ya mwisho ndiyo iliyokwenda moja kwa moja kwenye mizani. Na ni miezi ile ile ambayo shangazi zangu walikuwa wananipunguzia sahani.

Kisha pemba, ule udongo wa kutafuna. Ukiingia soko la Mgandini, upande wa viungo, karibu na mdalasini na ukwaju, utaona vijiti vya udongo vya rangi ya majivu vimepangwa kama chaki. Havina bango na havihitaji bango. Mtoto wa kaka yangu mimba ya kwanza alikuwa anavificha kwenye pindo la khanga na kutafuna akiwa jikoni, nami nilimgundua kwa sauti, ile krr krr. Nikamkaripia kama wanavyokaripia wote. Siku hizi najua kwamba hamu ya udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na kadi ya 2019 ina jibu lake kwa kalamu nyekundu: wingi wa damu 8.1, ilhali mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Pemba ilikuwa inampigia kelele tangu mwezi wa pili, na mimi shangazi mtu nikazima kelele badala ya kumpeleka akapimwe. Hakuwa peke yake: utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu.

Dawa yake iko kliniki, vidonge vya kuongeza damu, madini ya chuma na foliki. Lakini tazama vinavyomezwa. Sisi ni mkoa wa chai; Usambara yote inanuka chai, na chai ndiyo tunayosukumia kila kitu. Chai hukamata chuma tumboni kisiingie mwilini. Mkoa huo huo una machungwa ya Muheza, yale ya kijani yanayomenywa kwa kisu barabarani, na chungwa hufanya kinyume kabisa, hukiingiza. Mama anapewa vidonge bure, anavimeza na chai ya rangi, na kapu la machungwa liko mlangoni. Sikuwahi kusikia jambo hili likisemwa kwenye benchi la kliniki, na nimekaa mabenchi hayo miaka. Kuna lingine la wajuzi: foliki ya dozi kubwa, ile ya miligramu 5 inayouzwa famasi, huivunja nguvu SP. Ya kliniki ni miligramu 0.4. Wenye uwezo wa kununua "ya nguvu zaidi" ndio wanaojiharibia.

Dar es Salaam, kati ya mwaka 2001 na 2004, wajawazito zaidi ya 8,000 wasio na virusi vya UKIMWI waligawanywa. Wote walipata chuma na foliki, nusu wakaongezewa vitamini B, C na E. Watoto wa walioongezewa walizidi wastani wa gramu 67, na wenye uzito pungufu walishuka kutoka 9.4 hadi 7.8 katika 100. Yai jingine, kubwa kidogo. Kaswende nayo, ikigunduliwa mapema na sindano ya penisilini ikachomwa, humwokoa mtoto na mengi zaidi ya uzito, wala sitakaa hapo kwa sababu kadi zote mbili zinaonyesha hana.

Haya, jumlisha. Kifungua mimba, tuseme 150. SP, yai moja au mayai sita, Mungu ndiye ajuaye. Damu na chakula, yai jingine au mawili. Hata nikiwa mkarimu, 700 hazifiki kirahisi.

Nimebakiza kubwa, nayo ni wiki. Mwezi wa nane na wa tisa mtoto huongeza yapata gramu 200 kila wiki. Kama wa kwanza alizaliwa wiki ya 37 na wa pili wiki ya 40, gramu 600 zimeshalipwa, na malaria, yai na pemba zinagombania 100 iliyobaki. Kadi ya 2019 inasema alizaliwa wiki ya 39. Nikamuuliza mwenyewe namba hiyo ilitoka wapi.

"Shangazi, waliniuliza siku zangu za mwisho niliona lini. Nikawaambia, maulidi yalikuwa yanasomwa. Wakahesabu."

Na Tanga maulidi husomwa msimu mzima, mtaa huu leo, mtaa ule Alhamisi ijayo. Hapo umepoteza wiki tatu bila kusema uongo. Wiki ya 28 hata altrasaundi haiwezi tena kusema umri wa mimba kwa uhakika, kwa sababu watoto wameshaanza kutofautiana maumbo. Ndiyo maana inatakiwa ifanyike kabla ya wiki ya 24. Ikabaki tepu. Muuguzi hupima kutoka mfupa wa chini mpaka kilele cha tumbo, na sentimita hulingana takriban na wiki. Lakini tepu ikisoma ndogo, ni mimba changa au ni mtoto aliyedumaa? Tepu haijui. Inahitaji tarehe kutoka kwako ndipo ikwambie kama mtoto amebaki nyuma, na wewe hukuwa nayo, ukaitumia tepu hiyo hiyo kupata tarehe. Korogwe, watafiti walipotaka kuchora chati ya namna mtoto wa kwetu anavyokua tumboni, iliyochapishwa mwaka 2012, kazi ya kwanza ilikuwa kuwapata wajawazito mapema na kuwapima kwa altrasaundi. Bila hapo hakuna chati.

Kwa hiyo yule wa 2.3 anaweza kuwa mtoto mzima kabisa aliyewahi kutoka, au mtoto aliyetimiza miezi yake akiwa ananyimwa chakula na kondo bovu. Hao ni watoto wawili tofauti, wanatakiwa kuangaliwa tofauti, na mizani inawaita jina moja. Kuchelewa kliniki kulituibia, kisha kukatuibia hata uwezo wa kujua tumeibiwa nini.

Ndiyo maana swali la "umehudhuria mara ngapi" linanichosha. Utafiti wa 2015–16 ulikuta wajawazito 98 katika 100 walifika kliniki angalau mara moja. Waliofika mara nne au zaidi walikuwa 51, na kufikia 2022 wakawa 65, tukapiga makofi. Lakini walioanza ndani ya miezi mitatu ya kwanza, mwaka ule wa 2015–16, walikuwa 24 tu. Tungehesabu wiki ya kuanza kwanza, idadi baadaye, tungeona tatizo liko wapi.

Wanachelewa kwa nini? Wataalamu hupenda kusema elimu. Mimi nasema siri. Mimba changa kwetu haitangazwi. Kuna kijicho, kuna husda, na hata usipoamini hayo, mimba nyingi hutoka miezi ya mwanzo, na aliyekwisha kuitangaza ndiye anayeulizwa sokoni ilikwendaje. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanamke wa wiki ya tisa anayeficha hajakosa akili. Sasa mpeleke kwenye kliniki yenye benchi moja refu nje, linalotazamana na barabara, siku ya wajawazito ikijulikana na mtaa mzima. Akikaa pale ametangaza. Anasubiri mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, na hapo ni wiki ya 20 na ushei. Sijaona bajeti inayoshindwa kuweka pazia.

Na kuna hili la mume. Ziko kliniki ambazo hudhurio la kwanza bila mwenza hupokelewi, au unaambiwa urudi na barua ya mwenyekiti wa mtaa kueleza mume yuko wapi. Nia naielewa: wapime virusi pamoja, baba naye asikie. Ni nia njema na wanaume wetu wanaihitaji. Lakini kama baba hayupo, mpime mama kwanza, mpe vidonge vyake, andika tarehe ya maulidi ingali mbichi kichwani, halafu ndiyo umuulize baba. Mji wa wavuvi, madereva wa malori na wakata mkonge, nusu ya akina baba wako mahali pengine siku yoyote utakayochagua.

Kadi amezifuata mwenyewe leo asubuhi, kabla Ijumaa haijafika na kabla sijamaliza kuandika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema? Umezitakia nini?"

Akacheka kidogo, akatazama sakafu. Wiki ya tisa. Safari hii alikwenda mwenyewe, hakungoja kuambiwa na mtu, Jumatatu saa moja na nusu alikuwa benchini. Wakamwambia alete kadi za zamani, na baba watoto. Baba watoto ni mvuvi, yuko dago, kambi ya wavuvi, hajulikani anarudi lini. Basi alete barua ya mwenyekiti.

"Na mwenyekiti?"

"Amefiwa na baba yake, Lushoto."

"Mtendaji je?"

"Anasema bila saini ya mwenyekiti hapigi muhuri."

"Mwenyekiti anarudi lini?"

"Wamesema mpaka baada ya arobaini."

Nikahesabu kwa vidole, nikapata wiki ya 15.